Namna ya Kumkaribisha Muuaji Aje Akusimulie

Kwanza mpe kiti, kisha wewe ukae kati yake na mlango. Msimulizi wa hadithi fupi ya kigothi haji mikono mitupu, huja na kiapo. Ukimsikia anajitetea kabla hujamshtaki, jua kwamba mgeni uliyekuwa ukimngoja amefika. Katika "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, iliyochapishwa Boston Januari 1843, bwana huyo hatuambii hata jina lake, lakini anaanza moja kwa moja kwa kukana wazimu. Nani alimuuliza?

Usimkatize. Mwache ajisifu jinsi alivyokuwa akiufungua mlango wa mzee taratibu, na kandili lake limefunikwa, usiku saba mfululizo, hata usiku wa nane akamuua kwa sababu ya jicho moja lenye utando. Kwake yeye, mpangilio huo ndio ushahidi kuwa ana akili timamu. Hapo ndipo ushike kalamu, maana mtu anaweza kuwa mkweli wa hatua na mwongo wa sababu. Mbao tatu alizong'oa sakafuni ili afiche maiti, mkubalie. Askari watatu waliobisha hodi saa kumi usiku, mkubalie pia. Kinachopwaya ni kile kilichomtoa kwenye jicho kikamfikisha kwenye mauaji, na hapo yeye hupapita mbio.

Sasa tega sikio usikie ule mdundo anaousikia mbele ya askari hao. Msomaji mwenye haraka atasema ni moyo wa marehemu, na mwenye haraka zaidi atasema ni dhamiri. Wewe rudi nyuma kurasa chache. Msimulizi amekwisha kudokeza kwamba usiku baada ya usiku amekuwa akisikiliza wadudu ukutani, wale watoboao mbao, wenye mlio kama wa saa, ambao Wazungu wa zamani waliwaona kuwa dalili ya kifo. Baadaye anaufananisha mdundo wenyewe na saa iliyofungwa kwenye pamba. Basi ni moyo wa mzee, moyo wake mwenyewe, au mdudu? Nimeisoma hadithi hii mara nyingi na bado sitaki kuchagua, kwa sababu hofu yake yote imekaa hapo pasipochagulika.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Montresor wa "The Cask of Amontillado", hadithi nyingine ya Poe, ya 1846, ameitembea nusu karne. Alimjengea Fortunato ukuta akiwa hai, ndani ya handaki la mvinyo na mifupa, na anasimulia miaka 50 baadaye bila kukamatwa. Anadai alitendewa maovu elfu. Muulize moja tu. Hana.

Ukishazoea kazi hii, utapata tamaa ya kumpima kila msimulizi kwa kipimo hicho hicho. Usimwendee nacho mwanamke wa "The Yellow Wallpaper", hadithi ya Charlotte Perkins Gilman iliyotoka Januari 1892. Ametoka kujifungua; mumewe, John, ni daktari, na amemtuliza ghorofani na kumkataza kuandika. Mama huyu anakosea mambo madogo. Anadhani chumba kile kilikuwa cha watoto, ilhali wewe unaona nondo madirishani na kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni. Anaona mwanamke nyuma ya karatasi ya ukutani. Lakini kwenye jambo kubwa hakosei hata kidogo: amefungwa, na kazi ingemponya. John, mtulivu, mwenye elimu na upendo wake, ndiye aliyepotea. Gilman aliyajua hayo mwilini mwake. Mwaka 1887 alitibiwa na daktari Silas Weir Mitchell, aliyemwagiza apumzike na asiguse kalamu tena, na mwaka 1913 akaeleza waziwazi kwa nini aliandika hadithi ile.

Jina "msimulizi asiyeaminika" tulipewa na mhakiki Wayne Booth mwaka 1961. Ni jina zuri, ila limegeuka muhuri. Huniuma kuona msomaji kijana anaandika kwamba mwanamke huyu ni mgonjwa wa akili, kwa hiyo haaminiki, kisha anafunga kitabu. Hivyo ndivyo alivyofanya John. Uliza kwanza: haaminiki kuhusu nini, na nani anafaidika tusipomwamini?

Mwishoni mumewe amezimia mlangoni, karatasi imechanwa, na yeye anatambaa kuzunguka chumba, akimpanda juu kila anapomfikia. Mbele ya muuaji ulikaa kati yake na mlango. Kwa huyu, inuka umpishe.