Laana kwa Tikiti
Tangu mwaka 2005, Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani, alipoinunua Manchester United kwa fedha nyingi za mkopo, kisha akaitwika klabu yenyewe sehemu kubwa ya deni hilo, mithili ya mtu anunuaye punda na kumdai punda ajilipie bei yake, mashabiki hawakuisha kughadhibika. Mwaka 2010 wakajifunga shingoni skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kale la klabu hiyo, wakamiminika uwanjani Old Trafford kuwalaani wenye mali. Walakini kila mwenye kulaani alikuwa amekwisha kukata tikiti, na fulusi zake zimeshuka taratibu katika hazina ile ile ailaaniyo. Dua la kuku halimpati mwewe, seuze kuku amlipiaye mwewe nauli!