Ogembo Yaomba Ufuo wa Bahari

KWA: Bodi za Manispaa na Maafisa wa Mipango ya Miji, Kisii na Nyamira
KUH: OMBI LA UFUO WA BAHARI, OGEMBO

Waheshimiwa,

Wakazi wa Ogembo, mji wa Kaunti ya Kisii, wana ombi. Wameisoma Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 mpaka Jedwali la Kwanza, pale serikali inapotaja huduma zinazoufanya mji uitwe mji. Wamekuta kasino. Wamekuta nyumba ya maiti na makaburi. Wamekuta pia ufuo wa bahari, na huo ndio wanaouomba kwanza, maana hayo mengine yanawatia wasiwasi.

Makaburi, kwa mfano. Mgusii akifia Nairobi, jamaa zake huketi jioni baada ya jioni wakichanga pesa za kumrudisha azikwe kando ya nyumba yake. Makaburi ya umma yangeota nyasi tu, na kufikia mwezi wa pili mtu angeshaomba kulishia ng'ombe humo. Ufuo una nafuu, kwani Mto Gucha upo. Ni kweli mto wenyewe unateremkia Ziwa Victoria na kuipa Bahari Hindi kisogo, lakini mhandisi mwenye bajeti hashindwi na jambo.

Haki isemwe: jedwali linataja vituo vya jamii, bustani za mapumziko na usimamizi wa masoko. Lisichokitaja ni mahali pa kuketi bure. Benchi la kinyozi, kivuli cha steji ya bodaboda, kibanda ambamo kikombe kimoja cha chai hunywewa saa nzima, vyote havimo, na kisichomo kwenye jedwali huitwa uchafu siku ya kusafisha mji. Kanjo, yaani askari wa kaunti, popote nchini, haji na jedwali mkononi. Huja na lori.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Kwingine pangeitwa jiji. Hapa bado panaitwa mashambani. Nyumba zimepanda vilima, shamba la babu limekatwa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kijana aliyejenga chumba chake hana ua wa kumkaribishia mwenzake. Akitaka maongezi anatoka barabarani. Mwaka huohuo wa sensa, Sheria ya Miji na Majiji ilirekebishwa na idadi ya watu inayohitajika kwa manispaa ikashuka kutoka 250,000 hadi 50,000. Umanispaa umekuwa rahisi kupatikana. Benchi bado.

Serikali kuwashuku watu walioketi pamoja si jambo geni Gusii. Mapema katika miaka ya 1910, Waingereza walizipiga marufuku kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, ambako vijana wa kiume waliishi wakilinda mifugo. Karne moja baadaye, vijana wako stejini wakilinda pikipiki, na Mwingereza yule akifufuka atawatambua mara moja.

Sasa waheshimiwa watazame siku ya soko. Omena imetoka ziwani, na mama anayeipima kwa mkebe wa gorogoro anaita wateja kwa Ekegusii chenye lafudhi ya Kijaluo ya Rongo. Ndizi zinaelekea huko alikotoka. Mnunuzi wa ng'ombe anazungumza Kimaasai kwenye simu na Kiswahili na mwenye ng'ombe. Wagusii wawili wa Machoge wanabishana kuhusu Shabana, timu ya soka iliyoanzishwa 1980, na Mjaluo aliyeketi kati yao anawakumbusha Gor Mahia bila kuulizwa. Wote wamesikia habari za wizi wa ng'ombe kwenye mpaka wa Kisii na Transmara. Hata hivyo hapa wanakopeshana na kulipana, kazi ambayo warsha ya amani hotelini ingeiandikia bajeti ya siku tatu, na chakula cha mchana.

Sheria hiyohiyo ya miji inawapa wakazi haki ya kukutana katika mabaraza ya wananchi. Kwa desturi hukodiwa hema, soda zikagawiwa, na karatasi ya mahudhurio ikatiwa saini. Steji ina baraza la kila siku lisilodai posho. Ajenda ni bei ya mbolea, karo ya shule na mienendo ya waheshimiwa wenyewe, na hiyo ya mwisho huchukua muda mrefu.

Kwa hiyo ufuo ukishindikana, wakazi watapokea mabenchi ya zege, paa juu ya steji, choo chenye mlango, na miti michache ya kivuli, mradi isiwe mikaratusi. Afisa wa kupima aje siku ya soko, kabla ya mvua ya alasiri. Amuulize mama wa omena watu huketi wapi. Ataonyeshwa, na haelekei kuondoka bila gorogoro moja.

Wakazi wa Ogembo,
kwa mkono wa mwandishi wao