Konstebo Mkuu

Ukitaka kiti cha wadi huku Kisegi, utaulizwa vyeti, ukoo, na umechangia matanga ya nani. Josslyn Hay, Lodi Erroll wa Uskoti, hakusumbuliwa hivyo. Mwaka 1934 alijiunga na mafashisti wa Uingereza. 1939 walowezi wa Kiambu wakamchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Sifa alizovuma nazo ni sura nzuri na wake za watu. Wazee wetu wa Nyanza Kusini walingoja kura hadi 1957, tena kwa kupimwa elimu na mali kwanza. Lodi aliuawa kwa risasi Januari 1941, nje kidogo ya Nairobi. Kwa kurithi, alikuwa Konstebo Mkuu wa Uskoti. Aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo aliachiliwa, hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo.