Sifa za Shangazi Kaja

"Mzee, unahama au unasafiri?"

Aliyeniuliza alikuwa utingo wa basi, kijana wa miaka kama 22, pale stendi ya Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa ameshika vishikio vya begi langu kwa mikono miwili, kainama, kakunja uso, na begi halijabanduka chini. Sikumjibu. Mtu aliyeshika mzigo wako mlangoni mwa buti si wa kujibizana naye. Lakini tulipopita Chalinze nilikuwa bado natunga jibu, na tulipoingia mbuga ya Mikumi lilikuwa limeshakuwa refu kuliko alivyostahili mwenye swali.

Kwanza begi lenyewe. Ni lile la plastiki iliyofumwa, lenye miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, zipu juu, ambalo likiwa tupu hukunjwa likaingia chini ya mto na likijaa haliingii mlangoni. Sisi tunaliita shangazi kaja. Wanaigeria wanaliita Ghana Must Go, yaani Waghana sharti waondoke, kwa sababu mwaka 1983 serikali yao ya Rais Shagari iliamuru wageni wasio na vibali wafungashe, wengi wao Waghana, na wengi walifungashia humo. Wajerumani wamelipa jina la sanduku la Mturuki. Tazama tofauti hiyo. Begi ni lilelile, lakini kwa wenzetu ni la mtu anayefukuzwa au mgeni wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Kwetu sisi mtu amefika, tena ni shangazi, na amekuja na karanga. Mwaka 2007 Louis Vuitton wa Ufaransa nao walitoa la kwao la miraba hiyohiyo, kwa bei ambayo shangazi angenunulia ng'ombe na chenji ikabaki.

Sikuanza maisha nalo. Nilianza na tranka la bati, nilipokwenda sekondari ya bweni, nalo alilipanga mama: shuka chini, juu yake daftari, juu yake kopo la karanga lililofungwa kwa kitambaa ili walimu wadhani ni dawa. Kati ya tranka lile na shangazi kaja hili ipo miaka kama kumi ya wazimu, ambayo mtu husafiri mikono mitupu na kuona huo ndio uhuru.

Wazimu wangu ulifika kileleni mwaka 1984, nimetoka Jeshi la Kujenga Taifa, nikapanda treni ya TAZARA kutoka Dar kwenda Mbeya. Nilikuwa na shati moja mwilini, jingine ndani ya mfuko wa nailoni, na mswaki umechungulia mfukoni mwa shati kama kalamu ya karani. Nililala koridoni juu ya gazeti la Uhuru. Kwa miaka mingi niliisimulia safari ile kama ushujaa. Siku hizi nikiikumbuka vizuri naona mambo mengine: maji niliyokunywa yalikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anashukia Makambako; chapati zilikuwa za askari; usiku baridi ya nyanda za juu ilipoingia, babu mmoja alinirushia nusu ya blanketi lake bila kunisemesha. Na nilipofika nyumbani, dada yangu mkubwa alichukua sabuni ya mche, akaikata kipande kwa uzi, akanipa. Miaka ile watu walipanga foleni ya sabuni toka alfajiri. Kumbe mzigo wangu haukuwa mwepesi hata kidogo. Niliugawa tu kwa watu nisiowajua, kila mmoja akabeba kipande chake.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya wasafiri wepesi, na ushahidi ninao nyumbani. Nina mpwa anayefanya kazi Dodoma. Huja Dar kwa treni ya umeme, hii iliyoanza mwaka 2024, akiwa na simu na kibegi cha mgongoni cha ukubwa wa mkate. Siku ya kwanza huomba chaja. Siku ya pili taulo. Siku ya tatu nasikia bafuni, "Mjomba, ndala zako hizi navaa kidogo," na huwa hazionekani tena mpaka anaondoka. Nikimgusia, ananionyesha simu: tiketi humo, hela humo, tochi humo, Kurani na ramani humo. Hilo la hela nawapa vijana. Sisi tulizishonea ndani ya suruali, na mama zetu walizifunga pindoni mwa khanga, hadi M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na mwaka uliofuata ikaingia kwetu. Lakini simu hiyo ikizima chaji Morogoro, tochi yote imezima, na ndipo shangazi kaja la mtu mwingine linapofunguliwa.

Miaka yangu ya thelathini sina la kuisemea, maana mzigo haukuwa wangu. Ulikuwa wa watoto: chupa ya uji, nepi, na ndoo ndogo ya dharura. Miaka ya arobaini ilinipata na cheo, na cheo kikaja na begi la matairi. Begi la matairi ni zuri mahali penye marumaru. Nilikwenda nalo Tukuyu mwezi wa nne. Anayeijua mvua ya wilaya yetu ya Rungwe, ambayo sehemu nyingi huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, anajua udongo ule unavyoshika. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo wa nusu saa, na kijana wa jirani alilipandisha begi langu kichwani, akatangulia mbele, matairi yanazunguka hewani. Wazee waliokuwa wamekaa kibarazani walisimama kuangalia. Mmoja akauliza kama gari limeharibika.

Basi nikarudi kwa shangazi kaja, na sasa niruhusiwe kulisifu kwa utaratibu.

Wanaosema zipu yake hufa safari ya kwanza wanasema kweli, na hiyo ni sifa yake. Zipu ikifa, mtu hufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, mizunguko mitano na fundo, na mwizi wa stendi akiona fundo lile anahama kwa jirani. Wanaosema vishikio vyake hukata viganja wanasema kweli pia. Ndiyo maana huwezi kulibeba peke yako. Lazima mtu akamate upande wa pili, na kabla hamjafika kwenye basi mmeshajuana ukoo. Yapo mabegi ambayo mwenyewe huyavuta toka nyumbani hadi hotelini bila kumsalimia mtu. Sijui hiyo ni safari ya namna gani.

Na ndani yake? Kijana hupakia kwa ajili ya safari anayokwenda. Mtu mzima hupakia kwa ajili ya safari zote zilizomwendea vibaya. Kila kitu kilichomo ndani ya shangazi kaja langu kina kesi yake. Tochi na betri nne za akiba ziliingia baada ya umeme kukatika msibani, Njombe, nikaingia chumba cha wakwe nikidhani ni choo. Mto niliuongeza baada ya usiku mmoja gesti, juu ya mto ambao pamba yake ilikuwa imeganda vipande vitatu, na kila kimoja kilitaka kiwe juu. Ndala ni jozi mbili, moja ya bafuni na moja ya mpwa. Kamba ya katani sijawahi kuitumia, lakini mwaka nitakaoiacha ndio itakapotakiwa. Sweta ni la Tukuyu, mwezi wa saba, na asiyeelewa aende mwezi wa saba. Halafu kuna suruali nyeusi na koti, vimekunjwa chini kabisa. Hivyo havina kesi. Umri huu ukienda kwenye harusi, msiba unaweza kukukuta njiani, na si vizuri kumzika mtu ukiwa na shati la maua.

Dawa za presha hazikai humo. Dawa hukaa mfukoni mwangu, pamoja na miwani, kwa sababu basi likiharibika mlimani Kitonga buti halifunguliwi kwa ajili ya kidonge cha mtu mmoja. Haya mabasi yanafundisha bila ada.

Mtu asidhani kupakia hivi ni udhaifu wa sisi wastaafu. Msafiri Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, bila mwenzi wala msafara. Kilwa alifika mwaka 1331, na sidhani kama alisumbua wapagazi wa pale. Miaka kumi baadaye Sultani wa Delhi akamtuma China, naye sasa ana msafara, watumishi na mali zake mwenyewe, mbali na zawadi za Sultani. Pale Calicut dhoruba ikavunja jahazi la zawadi, na chombo kilichobeba vitu vyake kikang'oa nanga kikamwacha ufukweni. Alibaki na dinari kumi na zulia la kulalia. Msomaji mwepesi atasema, unaona, mizigo ni hasara. Mimi naona kwamba katika mali yote ile, kilichobaki mkononi kilikuwa kitu cha kulalia. Nami ndiyo maana nabeba mto.

Sifa ya mwisho ndiyo iliyonileta kuandika. Ilitokea safari hiyohiyo ya utingo wa Mbezi. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, Ilula tukanunua nyanya, watu wakapanda na kushuka, na Mbeya tukafika giza limeingia. Utingo akatoa mizigo, nikaona miraba yangu, mpira wangu wa baiskeli, kikufuli changu kidogo, nikachukua gari la Tukuyu. Kwa dada yangu nikatia ufunguo, kufuli likafunguka. Nikatoa ndala bila kuangalia, nikaenda kuoga. Nilipotoka, dada alikuwa anatazama miguu yangu.

"Mdogo wangu, Dar siku hizi mnavaa hizi?"

Zilikuwa za waridi, zenye ua katikati ya vidole. Zilikuwa zimenienea kabisa.

Tukafungua begi vizuri, chini ya taa. Halikuwa langu. Lakini nimeapa kusema kweli: ilibidi tutafute tofauti. Tochi ilikuwemo, na betri zake zimefungwa kwa mpira wa nywele. Sweta lilikuwemo. Dawa ya kuchua magoti ilikuwa ileile ninayotumia, imeminywa kuanzia mkiani kama ninavyominya mimi. Kamba ya katani ilikuwemo! Chini kabisa, mahali pa suruali yangu nyeusi, palikuwa na doti ya khanga mpya ambayo haijakatwa wala kupindwa, na dada akaigusa kidogo, akairudisha, akasema, "Hii ni ya msiba." Upande wa ndani wa begi palishonewa karatasi ya daftari yenye namba ya simu. Usiku ulikuwa umekwenda, nikaiacha. Kesho yake jioni, kabla sijaipiga, ya kwangu ikaita, maana na mimi huandika.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Hakuna aliyetaka kuipokea shikamoo ile.

"Nimezaliwa sitini na mbili," akasema hatimaye.

"Sitini na tatu."

"Basi marahaba. Nina begi lako, nipo Mbalizi kwa mwanangu. Ufunguo wangu umelifungua."

"Na wangu umefungua lako."

"Ndiyo makufuli ya Kariakoo hayo, elfu mbili mbili. Humu kuna mto, mdogo wangu."

"Ndiyo, ni wangu."

"Nimeulalia jana. Niliona ni dhambi kuuacha." Akatulia kidogo. "Wewe umekosa nini?"

Nikafikiria. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya ndizi, anasikiliza kila neno. Siku nzima ile nilikuwa nimevaa sweta la mama yule, nimejichua kwa dawa yake, na usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulipokatika nilimulika kwa tochi yake. Kilichonikosesha raha ni suruali nyeusi tu, na namshukuru Mungu hakuna aliyefariki.

"Sijakosa kitu," nikamwambia.

Tulikubaliana kukutana stendi ya Mbeya siku ya Ijumaa. Alikuja na mwanaye, nami nikaja na dada. Mabegi yote mawili yalikuwa yameongezeka uzito: la kwake nililimwagia maparachichi na magimbi, la kwangu yeye alilitia mchele wa Kyela, kilo tano hivi, umepangwa kuuzunguka mto usije ukakandamizwa. Dada akamshika mkono akamwambia "ndaga fijo", yaani asante sana, mara tatu, ingawa yule mama hakuwa Mnyakyusa. Mwanaye alijaribu kunyanyua begi langu kwa mkono mmoja, akaliweka, akanitazama. Mama yake akamkata jicho kabla hajauliza.

Ndala nilisahau kumrudishia. Ziko bafuni kwangu, na mpwa akija hazigusi.