Ndoo Inayovuja Ina Sifa Zote

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina biashara ya ajabu. Ndoo ikitoboka kitako hutupwa siku hiyohiyo, tena hutupwa kwa laana. Baada ya muda, aliyeitupa anasimama kando ya barabara mbele ya vyungu vya maua, anageuza kimoja juu chini, anachungulia kitako na kumuuliza muuzaji, "Hiki kina tundu?" Kikiwa nalo, anatoa pesa. Tundu alilopewa bure kalitupa, sasa analinunua, na akifika nyumbani anatangaza kwamba ameanza bustani rafiki kwa mazingira. Mimi nasema bustani ya namna hiyo haianzii kwa muuza vyungu hata kidogo. Inaanzia kwenye ndoo iliyotoboka, beseni lililopasuka na kiroba kilichomaliza unga, kwa sababu kasoro iliyovifukuzisha jikoni ndiyo hasa mmea unayoitaka.

Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji, hewa haina pa kukaa. Mizizi huoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukizama ndani yake. Hapo ndipo msiba unapogeuka kichekesho: majani hulegea vilevile yanavyolegea kwa kiu, mwenye bustani anaingiwa na huruma, anakwenda kuleta jagi jingine. Mnyanya unakufa maji huku ukibembelezwa unywe. Angechovya kidole udongoni mpaka pingili ya pili angejua, lakini huruma haina subira ya kuchovya kidole. Wajuzi wengine hushauri kutandika kokoto chini ya chungu kisicho na tundu, ati maji yachujike. Hayachujiki ng'o. Udongo laini huyang'ang'ania maji na hauyaachii kuingia kwenye kokoto mpaka wenyewe ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zile zinasogeza tope karibu zaidi na mizizi. Kina mama wanaolima kwenye magunia kule Kibera, Nairobi, wanazitumia kwa akili nyingine. Kopo lililokatwa kitako na mdomo husimamishwa katikati ya gunia, likajazwa mawe, udongo ukazungushwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu kidogo kidogo mpaka mawe yawe nguzo kutoka chini hadi juu. Maji hushuka kwa nguzo na kusambaa, sukuma wiki inaota juu na ubavuni, na gunia lenyewe linavuja kila upande bila kuulizwa.

Wapo watakaosema veranda itageuka jalala. Hilo silipingi sana, ila mchicha hufunika ndoo mapema kuliko mgeni anavyofika, maana huvunwa ndani ya mwezi mmoja hivi, na matembele hushuka mpaka chini yakaficha aibu yote. Pingamizi zito ni la sumu, nalo nalikubali lote: dumu lililobeba dawa ya wadudu, rangi au oili chafu halifai kupandwa chakula hata lioshwe mara ngapi. Tafuta la mafuta ya kula. Pia kiroba cha plastiki hakidumu juani. Kinachakaa na kumomonyoka nyuzi nyuzi zikaingia udongoni, na hapo urafiki na mazingira unakuwa wa mdomoni. Kiwekwe penye kivuli cha ukuta, na kikianza kuchanika kiondolewe. Na anayetaka chungu kwa sababu anampenda mfinyanzi, anunue kwa raha zake. Udongo wa kuchoma unapitisha hewa, ni chombo kizuri. Asimamie tu tundu.

Kibaya kuliko vyote ni kile kisahani cha urembo kinachowekwa chini ya chungu. Kinakaa na maji, na mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye vijidimbwi vya namna hiyo vya majumbani. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja au siku kumi hivi. Kwa hiyo mpenda mazingira aliyelipia chungu na kisahani chake huvuna mbu kabla ya mchicha.

Linabaki suala la jirani wa ghorofa ya chini, nalo hoja haziliwezi. Ndoo inayovuja haichagui pa kuvujia, na maji yaliyopita kwenye samadi hayapendezi juu ya shuka jeupe. Panga vyombo kwa ngazi, cha juu kitiririkie cha chini, na cha mwisho kiwe cha matembele, yasiyochoka kunywa. Mwagilia alfajiri, kabla kamba za nguo hazijajaa. Ukikuta shuka limeshaanikwa na limeshapata madoa, tangulia kushuka na fungu la mchicha. Maelezo yaje baada ya salamu.