Muuaji Alishukia Buguruni

Alinisalimia kwanza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba bila kuinua macho, maana nilikuwa nimebanwa dirishani kwenye daladala ya Gongo la Mboto, na ndani ya kitabu Pip alikuwa anaingia peke yake kwenye nyumba ambayo mtu mwenye akili zake asingeisogelea. Kijana akainama, sare ya shule, mkoba kifuani, akasoma jina la kitabu kwenye jalada. Akatabasamu kwa upendo kabisa. Kisha akanitajia muuaji.

Nikapiga ukelele. Haukuwa mkubwa, ila ndani ya daladala iliyosimama kwenye foleni ukelele wa mwanamke una maana moja tu. Konda akagonga bodi: "Dereva, usifungue mlango! Mama kaibiwa!" Abiria wote wakajipapasa. Dada mmoja akaingiza mkono kifuani kuhakikisha.

"Umeibiwa nini mama, simu?"

"Mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu."

Konda, aliyekuwa tayari kupigana kwa ajili ya mali yangu, alionekana kusikitika kwamba mali yenyewe haishikiki. Mama mwenye ndoo ya dagaa akauliza kama kitabu bado ninacho mkononi, wizi uko wapi? Mwingine akamjibu kwamba kuna wizi wa aina nyingi, akamtazama mumewe. Kijana akawa anajitetea: "Samahani mama, nilidhani umeshafika."

"Wewe ulikisoma lini?"

"Sijakisoma. Nimeangalia."

Hapo ndipo nilipoona giza. Laiti angekuwa ameuhangaikia mwisho huo kurasa kwa kurasa kama mimi! Kumbe aliiona tamthilia ya BBC ya mwaka 2024, kwenye simu ya rafiki yake, na pengine alikuwa anakula ubuyu.

Mzee wa kiti cha mbele akageuka na kofia yake. "Hicho kitabu kinahusu nini hasa?" Nikamweleza: A Good Girl's Guide to Murder, cha Holly Jackson, kilitoka Uingereza mwaka 2019. Binti wa miaka 17, Pip, anachunguza mauaji ya kijijini kwao. Ni mradi wa shule.

"Polisi wako wapi?"

"Walishafunga jalada."

"Wazazi?"

"Wapo nyumbani."

"Na yeye yuko wapi?"

"Kwa mtuhumiwa."

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Willy Gamba alikuwa mtu mzima," akasema, "tena ametumwa na serikali." Akaongeza kwamba enzi zao kila msomaji wa riwaya za kijasusi za Musiba alijua Willy atashinda, na hakuna aliyepiga kelele garini. Abiria wakakubaliana naye kwa wingi wa sauti. Kijana akashukia Buguruni kwa adabu zake zote, akaniaga, kisha akaja hadi dirishani kwangu kunifariji: "Lakini usijali mama, subiri uone yule mwingine naye alichofanya."

Yule mwingine!

Nataka ieleweke nilichopotezewa. Watu wazima huzidharau riwaya za mashaka za vijana kwa sababu ya majalada yake, nami naona ni dharau ya mtu asiyejua mashine ikoje ndani. Mwaka 1929 padri wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za fani hiyo. Ya kwanza inasema mhalifu sharti atajwe mapema, na asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Amri hiyo ina ukatili mzuri. Maana yake muuaji yumo, umeshasalimiana naye, na pengine alikuwa anamimina chai. Kazi ya mwandishi ni kukufanya uitazame chai.

Jackson anafanya hivyo kwa orodha. Pip anaandika kumbukumbu za mradi wake, anarekodi mahojiano, anaweka majina ya washukiwa, na wewe unayahesabu pamoja naye kama mtu mwenye akili. Ila orodha ndiyo mtego wenyewe. Macho yako yanawalinda walioandikwa, na wasioandikwa wanapita sebuleni bila hata kuulizwa wametoka wapi.

Karen McManus wa Marekani alivuka mipaka zaidi. Katika One of Us Is Lying, cha mwaka 2017, wanafunzi watano wanafungiwa darasani kwa adhabu, mmoja anakufa, wanabaki wanne. Na hao wanne ndio wanaosimulia, kwa zamu, kila mmoja kwa "mimi" yake. Amri ya padri imechanwa hivyo! Unakaa ndani ya vichwa vya washukiwa wote, unasikia wanavyopenda na wanavyoogopa, na bado hujui nani anakuficha nini. Inawezekanaje mtu awaze mbele yako kitabu kizima na siri isidondoke? Nimerudia kurasa zile jikoni, sufuria ikiungua, nikipekua sentensi moja moja kutafuta uongo. Mtu anaposema hataki kuukumbuka usiku fulani, amekuambia kweli tupu, na kwa kweli hiyo hiyo amefunga mlango. Agatha Christie alishaufanya mchezo wa namna hii mwaka 1926 na wasomaji wengine wakamnunia. Kitabu kipi, sikitaji. Mimi si kijana wa Buguruni.

Na mashine hii yote inafanya kazi mara moja tu. Ukishalijua jina, kila aliyekuwa anamimina chai anabaki mtu anayemimina chai, isipokuwa mmoja, ambaye kila kijiko chake kinapiga kelele. Ndiyo maana nasisitiza ni wizi, hata kama mama wa dagaa hakuniunga mkono.

Sisemi kwamba riwaya hizi hazina upungufu. Baba wa kambo wa Pip ana asili ya Nigeria, tena ni mwanasheria, na nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kupumua. Baba yupi wa Kinigeria anamwachia binti yake azunguke usiku akihoji wauza dawa za kulevya, badala ya kumkalisha chini na hesabu? Kwetu upelelezi ungeishia mlangoni: "Unakwenda wapi saa hizi?" Halafu kuna mvulana mwenye macho mazuri, ambaye lazima awe ama muuaji ama mbeba mkoba. Na toleo la Marekani limekihamisha kijiji kizima hadi Connecticut, kesi na washukiwa wake, kana kwamba msomaji wa kule angeogopa kuvuka bahari kwa ajili ya maiti moja.

Baada ya Buguruni, mtoto wa jirani alinimalizia McManus akiwa anarudisha ungo. Kisha nikanunua kitabu cha mtumba ambacho mwenyewe wa kwanza alikuwa amezungushia jina kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa tatu, na kuandika pembeni: NDIYE.

Lakini kauli ya yule mzee imenikaa vibaya. Vitabu vya namna hii tulikuwa navyo, vya kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Simu ya Kifo cha Katalambulla kilifuata mwaka 1965, Kufa na Kupona cha Musiba mwaka 1974, kisha akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vijana walivisoma chini ya madawati. Leo mpwa wangu, mzaliwa wa Temeke, anaogopa kwa Kiingereza. Hajawahi kukuta maiti ya kubuni mtaa wowote anaoujua. Hata ilipokuja Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana nchini Tanzania, kwa fedha kutoka Canada, miswada iliyotakiwa ilikuwa ya Kiingereza. Fedha ni zao, sawa. Ila nani aliketi wapi akaamua kwamba mtoto wa Kitanzania akitaka kutetemeka, atetemeke kwa lugha ya mtihani? Riwaya ya Kiswahili ikikosa kuingia kwenye orodha ya shule, mchapishaji anaikimbia, ikiingia, inasomwa kwa penseli, na hakuna mashaka yanayoweza kuishi baada ya "eleza dhamira tano zilizojitokeza."

Juzi nimeingia duka la vitabu, nikaomba riwaya ya Kiswahili ya kusisimua, inayomfaa binti wa miaka 14. Muuzaji akafikiri kwa dhati. Akapanda ngazi, akashuka na mkusanyiko wa mitihani ya kidato cha pili ya miaka iliyopita.

"Hiki wanatetemeka wote," akasema.

Nikauliza kama hana kingine. Akashangaa, akakigeuza nyuma kunionyesha ubora wake: majibu yote yapo.