Siku Sumbawanga Ilipopata Bahari

Mtu wa Sumbawanga akisema anajifunza kurusha ndege, mtu wa Dar es Salaam hamwachi amalize. "Kwani ungo umeharibika?" Nimeulizwa hivyo na makonda, na wenzangu kwenye semina, hata na padri. Tumezoea. Nchi nzima inaamini kwamba sisi wa Rukwa tunasafiri usiku bila tiketi, tunafika Kariakoo jogoo hajawika, na kwamba radi za huku huwa na mwenyewe. Ingekuwa kweli, nisingekuwa nakwenda Mbeya kwa basi nikiwa nimepakata kuku wa mtu nisiyemjua. Ila utani huo ndio ulionitia hamu. Nikaona heri nijifunze kuruka kwa njia inayotambuliwa na serikali, angalau kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ya nyumbani, na kwetu ya nyumbani maana yake ni ya mke wangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari, tena mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kukopeshana. Ndani ya diski C kuna alama za wanafunzi, maandalio ya masomo, na orodha ya wadaiwa ambayo ikipotea kuna watu mtaani watachinja mbuzi. Nilipotaja mchezo wa ndege alikubali kwa sharti moja.

"Mume wangu, hizo ndege zisikanyage vitu vyangu."

Hapo ndipo fundi kompyuta niliyemwita alipoleta neno patisheni. Akamweleza mama mwenye nyumba kwamba ni kujenga ukuta katikati ya ghala: mahindi huku, maharage kule, paa moja. Mke wangu ni Mfipa, ghala analielewa. Akasema jengeni.

Kwanza tulipaswa kuchagua mchezo. Unaosifika zaidi ni Microsoft Flight Simulator, lakini toleo la mwaka 2020 linadai nafasi ya GB 150, na walioununua kwenye boksi huko Ulaya walikabidhiwa DVD kumi. Fundi akapiga mluzi. Tena picha zake za dunia huteremka kwenye intaneti huku unaruka, kwa hiyo kwa vifurushi vyetu ningepaa leo nikaiona Laela mwezi ujao. Tukachukua mwingine, wa bure, ulioandikwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali. Una ndege ndogo aina ya Cessna 172 na orodha ndefu ya viwanja. HTSU, ndiyo Sumbawanga, imo. Niliisoma herufi kwa herufi kama mtu aliyeona jina lake gazetini.

Kujenga ukuta sasa. Betri ya kompyuta yetu ilishakufa zamani. Ukichomoa waya, inazima. Umeme wa Sumbawanga nao kwa miaka mingi umekuwa ukiletwa kutoka Zambia, na ukikatika hujui hata pa kulalamikia ni nchi ipi. Diski inapogawanywa, kompyuta huhamisha mafaili kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na umeme ukikatika katikati ya safari, yaliyo njiani huenda yasifike wala yasirudi. Fundi, kijana wa Nkasi, alilijua hilo. Na ulikuwa msimu wa mvua. Akasimama mlangoni mikono nyuma akitazama wingu juu ya milima ya Mbizi. Mama jirani akapita na ndoo yake.

"Kuna nini hapo?"

"Tunasubiri radi ipite, mama."

"Kaituma nani?"

Hakungoja jibu. Alionekana kuwa nalo.

Wingu lilipokwenda zake Bonde la Rukwa, fundi akaingia kazini. Kompyuta ikakubali kumega kipande kidogo mno, wakati nafasi tupu ilikuwa tele. Kumbe katikati ya diski kuna faili lililojificha ambalo halisogezwi: lile linalotumika kukumbuka kila kitu kompyuta inapolala. Fundi akaizuia kompyuta isilale tena, faili likafutika, kipande kikawa kikubwa. Fundi akakata kwa ukarimu kabisa, C ikabaki na upenyo tu. Herufi D ilikuwa imeshikwa na sehemu ya kuingizia DVD, ambayo haijafungua kinywa tangu enzi za mwenye kompyuta wa kwanza, kwa hiyo kipande kipya kikaitwa E. Fundi akakiandika RUBANI kwa herufi kubwa. Mke wangu akakagua ukuta, akahesabu mafaili yake, akaridhika.

Mchezo ukapakiwa E. Fundi akadai aujaribu yeye kwanza, tena San Francisco, kwa sababu alitaka kuliona lile daraja jekundu la kwenye sinema. Akapita chini yake, akapita juu yake, akapita ndani yake, akasema mchezo ni mzima.

Zamu yangu nikachagua HTSU. Njia ya kurukia ni ya changarawe, kama ilivyokuwa yetu kwa miaka mingi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akavuta kiti.

"Hapo ni wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa Sumbawanga, mama."

"Mbona hamna watu?"

Kweli, hakukuwa na soko, hakukuwa na bodaboda, palikuwa na nyasi tu mpaka mwisho wa macho. Nikatia moto. Cessna ikakimbia, ikakimbia, ikamaliza uwanja, ikaingia majanini bila kuinua hata tairi. Nikarudia, ikaenda kulekule. Fundi akasema kompyuta ina kumbukumbu ndogo. Fundi kompyuta huwa na ugonjwa mmoja kwa wagonjwa wote.

Aliyetuokoa ni jirani yetu dereva wa lori, aliyekuja kuomba chumvi. Alisikiliza muungurumo bila kutazama kioo.

"Injini hiyo imelewa mafuta," alisema. "Magari ya kabureta yakipanda kutoka pwani yanafanya hivyo hivyo. Huku juu hewa nyepesi. Punguza mafuta."

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya Cessna kuna kifundo chekundu cha kazi hiyo hiyo: kupunguza mafuta yalingane na hewa iliyopo. Tukakivuta kidogo. Mlio ukabadilika, ndege ikachapuka, ikapaa. Dereva akachukua chumvi yake akaondoka. Hakuona ajabu yoyote.

Tukaelekea kusini, nia ikiwa Kasanga, alikozaliwa mama mkwe. Hatujakwenda mbali, nchi ikakatika. Ilikatwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula, na ng'ambo ya mstari kulikuwa na bahari, ya buluu, isiyo na mwisho.

"Ziwa hilo, mama," nilisema.

"Ziwa gani? Kwenda Kasanga ni safari, na unateremka mpaka masikio yanaziba. Hapo hata Matai hatujafika."

Alikuwa sahihi. Mchezo ule huikata dunia vipande vya nyuzi moja moja. Kipande chetu kinaitwa e031s08, na mstari wa nyuzi 8 kusini unapita jirani kabisa na mji. Mahali ambapo mchezo haujapata picha ya nchi, huweka bahari. Ufipa ya kusini yote, Kalambo nzima na wapiga kura wake, ilikuwa majini, na bahari iko usawa wa sifuri, kwa hiyo pale ukingoni palikuwa na shimo la mita 1,800 na ushee. Maporomoko ya Kalambo yana mita zaidi ya 200 na watalii hufunga safari kuyaona. Sisi tulikuwa na hayo ya kwetu sebuleni, na hakuna aliyelipa kiingilio.

Sababu tuliisikia jioni, mke wangu alipoketi kuingiza alama. Kompyuta ilimjibu kwamba diski C imejaa.

Programu ilikuwa E, sawasawa na makubaliano. Ila picha zote za nchi ilizokuwa ikiteremsha, milima, mabonde na maziwa, ilikuwa ikizishusha kwenye folda ya mtumiaji, na folda hiyo makazi yake ni C. Rubani alikaa upande wake wa ukuta. Dunia ilikuwa imelala juu ya alama za Kidato cha Pili.

Fundi akaitwa usiku huo huo. Katika mipangilio ya mchezo kuna mahali pa kuuambia vitu vishushiwe wapi. Akaandika E, akaanza kuhamisha folda. Mke wangu alisimama nyuma yake akikagua kila kinachopita.

"Hii w130n30 ni nini?"

"San Francisco, mwalimu."

"Nani anakwenda San Francisco?"

Fundi alinitazama. Mimi nilimtazama mama mkwe.

Tukaifuta San Francisco. Nafasi iliyobaki kwenye RUBANI mke wangu akaihifadhia video ya harusi ya mdogo wake, pamoja na vikao vyote vya kamati ya maandalizi.